Soma Taa Kabla Hujanunua Bodi Nyingine

Kila nilipochomeka diski ya nje, taa nyekundu ilizima. Ilikuwa inawaka vizuri, nachomeka diski, inazima, inarudi, inazima tena, halafu kompyuta nzima inajizima na kuanza upya. Fundi wa mtaani akaitazama kama dakika mbili, akaniambia, "Kaka, hii bodi imeshakufa. Tafuta nyingine." Nikamlipa ada ya kukagua, nikaanza kuhangaikia hela ya bodi mpya.

Siku tatu baadaye jirani akaniazima chaja yake. Taa nyekundu ikawaka na haikuzima tena mpaka leo. Kilichokuwa kimechoka ni waya wa chaja yangu.

Bodi yenyewe ni Raspberry Pi, ile kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki iliyoanza kuuzwa Uingereza Februari 2012. Watu wanaitumia kufundishia watoto kompyuta, kuendesha luninga ya matangazo dukani, kurekodi kamera za ulinzi. Haina kioo cha kukueleza inaumwa nini. Ina taa mbili tu, nyekundu na ya kijani, na ukizielewa utajua hela yako iende kwenye chaja, kwenye kadi au kwenye bodi. Tofauti ya bei kati ya hivyo vitatu ni kubwa sana kuiacha mikononi mwa mtu anayekisia.

Tuanze na nyekundu, kwa sababu ndiyo inayookoa hela nyingi.

Nyekundu ni taa ya umeme. Wengi wanadhani ikiwaka basi umeme upo, ikizima basi haupo. Kuanzia toleo la B+ la mwaka 2014 mpaka Pi 4, taa hii inasema zaidi ya hapo: inasema kama umeme unatosha. Bodi inahitaji volti 5. Zikishuka chini ya 4.63, taa inazima; zikipanda, inawaka. Ukiiona inapepesa wakati bodi ina kazi nyingi, au kila ukichomeka kitu kipya, hiyo ni njaa ya umeme. Ukiwa umeunganisha kioo, utaona pia alama ya radi ikitokea pembeni juu.

Hapo usinunue bodi. Nunua chaja, na uangalie waya wake.

Chaja ya simu uliyonayo nyumbani haikugharimu kitu, kwa hiyo anza nayo, lakini ijue ilivyo. Chaja inaweza kuwa imeandikwa volti 5 na ampea 2 na ikawa inasema kweli, kisha waya mwembamba ukazila hizo volti njiani. Waya wenye ukinzani wa omu 0.3 ukipitisha ampea 2 unapoteza volti 0.6. Toa kwenye 5, zinafika 4.4. Simu haitalalamika, itachelewa tu kujaa. Bodi itazima taa, itapunguza mwendo, na siku ikizidiwa itaanza upya katikati ya kuandika kwenye kadi. Ndivyo kadi zinavyoharibika, na ndivyo mtu anavyojikuta ananunua kadi kila baada ya miezi michache akidhani anauziwa feki.

Chaja za bei rahisi za kwenye meza za barabarani zimeandikwa ampea 3 karibu zote. Maandishi hayo hayakusaidii kitu. Mwombe muuzaji aichomeke, unganisha bodi yako yenye diski au kamera, na uitazame taa nyekundu kwa dakika tano. Akikataa, nenda meza inayofuata.

Ya tatu ni chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi. Ya Pi 4 bei yake kwa mtengenezaji ni dola 8, ya Pi 5 ni dola 12. Faida zake ni mbili. Inatoa volti 5.1 badala ya 5, ili hata zikipotea kidogo njiani zinazofika zitoshe. Na waya wake ni mnene na umeshikana na chaja, huwezi kuutenganisha, kwa hiyo mtoto hataubadilisha na ule wa simu. Huo mshikamano ndio pia udhaifu wake: waya ukikatika, chaja nzima imekwenda. Hata hivyo, kwa bodi inayowaka usiku na mchana, hii ndiyo ninayokushauri.

Chaja ya kompyuta ya mapakato ya wati 65 inawadanganya wengi. Wati hizo zote zinapatikana kwa volti 20. Kwa volti 5, ambazo ndizo bodi inazotaka, chaja nyingi za namna hiyo hutoa ampea 3 tu. Kwa Pi 4 zinatosha. Pi 5 inataka ampea 5. Ukiipa 3 itawaka, ila itaminya umeme wa vyote ulivyochomeka kwenye matundu yake ya USB mpaka ampea 0.6 kwa pamoja, na diski ya nje inaweza isiamke kabisa. Soma maandishi madogo ya chaja, tafuta mstari wa 5V, uone ampea ngapi zimeandikwa hapo. Wati kubwa zilizochapishwa juu ya boksi achana nazo.

Kuna kasoro moja ya kiwandani inayomhusu anayenunua Pi 4 iliyotumika. Zile za mwanzo kabisa, za mwaka 2019, zilikosewa kwenye tundu la umeme. Ukizichomeka kwa waya mnene wenye chipu ndani, kama ule wa kompyuta za mapakato za bei mbaya, chaja inadhani imechomekewa spika ya masikioni na haitoi umeme. Taa nyekundu haiwaki kabisa. Ukibadilisha ukatumia waya wa kawaida wa simu, inawaka. Matoleo yaliyofuata yalirekebishwa. Kwa hiyo ukiambiwa "hii haiwaki, chukua kwa bei ya spea", usiondoke kabla hujaijaribu kwa waya wa kawaida.

Na kama nyekundu haiwaki kwa waya wowote, na bodi ni ya zamani yenye tundu dogo la umeme kama la simu za kale, iache bila umeme usiku kucha. Bodi hizo zina fyuzi inayojikata umeme ukizidi, kisha inajirudisha yenyewe polepole. Kusubiri ni bure.

Kabla ya kutoa shilingi, kuna kipimo kingine cha bure kama bodi inafika mpaka kuwaka. Andika amri ya vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, umeme ni mzuri. Ikijibu 0x50005, umeme ni mdogo sasa hivi na bodi imepunguzwa mwendo. Ikijibu 0x50000, ulipungua tangu ulipoiwasha ila kwa sasa uko sawa. Mwambie fundi akuonyeshe jibu hilo kwenye kioo kabla hujakubali kwamba bodi ni mbovu.

Sasa kijani.

Kijani ni taa ya kazi, inapepesa bodi inaposoma au kuandika kwenye kadi ya kumbukumbu. Ikipepesa ovyo, mara haraka mara polepole bila mpangilio, bodi inasoma kadi na mambo yanakwenda. Ikipepesa kwa hesabu, mara kadhaa, ikatulia kama sekunde mbili, ikarudia hesabu ileile, bodi inakutajia namba ya ugonjwa. Hesabu. Macho yakishindwa, zima taa ya chumba, irekodi kwa simu, kisha cheza video taratibu. Mimi nahesabu kwa kugonga meza kwa kidole, na bado narudia mara mbili.

Mara 4 maana yake bodi imeisoma kadi lakini faili la kuanzia halimo. Mara 7 maana yake kiini cha mfumo hakimo. Zote mbili hutokea mtu anapochukua kadi ya bodi ya zamani akaichomeka kwenye bodi mpya: mfumo wa zamani haukuwa na mafaili ya bodi hiyo. Dawa ni kuiandika kadi upya, na programu ya kuiandika, Raspberry Pi Imager, inatolewa bure. Gharama yako ni bando la kupakua mfumo, na hilo usilidharau. Chagua toleo dogo lisilo na madirisha kama bodi haitaunganishwa na kioo.

Kijani ikiwaka kwa muda mrefu mara mbili kisha fupi mara moja, bodi inasema kadi haikupangwa kwa mtindo inaoujua. Kadi kubwa kuliko GB 32 hutoka dukani zikiwa zimepangwa kwa mtindo mwingine, na mtu akinakili mafaili kwa mkono bila kutumia programu ya kuandikia, ndipo hukwama. Kadi haina kosa. Usiitupe.

Ndefu mbili na fupi mbili ni jambo jingine: bodi imeshindwa kusoma. Kadi imechoka, au ni feki, au inacheza kwenye tundu lake. Itoe, ifute kwa kitambaa kikavu, irudishe. Ikirudia, nunua kadi.

Kwenye kadi, bei ndogo ndiyo yenye mtego. Kadi iliyoandikwa GB 256 kwa bei ya kadi ya GB 16 ni kadi ndogo iliyovishwa jina kubwa. Itapokea mafaili yako bila kulalamika mpaka ijae kwa kweli, kisha itaanza kufuta ya zamani kimyakimya. Ijaribu siku ileile ya kuinunua, risiti ikiwa bado mfukoni, kwa programu za bure za F3 au H2testw. Zinaijaza kadi yote kisha zinasoma kila kilichoandikwa. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa. Mwambie muuzaji mapema kwamba utaijaribu na utairudisha ikiwa ya uongo. Ukimuona anasita, umeshapata jibu.

Huhitaji kadi kubwa. GB 32 zinatosha matumizi mengi. Tafuta alama ya A1, ambayo inaahidi usomaji wa vipande vidogo usiopungua 1,500 kwa sekunde na uandishi 500. A2 inaahidi zaidi, lakini bodi za zamani haziitumii nguvu hiyo yote, kwa hiyo usiongeze hela kwa sababu ya herufi na namba tu. Kama ni kamera inayorekodi mchana na usiku, hapo toa hela zaidi ununue kadi ya uvumilivu mkubwa iliyotengenezwa kwa kamera, kwa sababu kuandika mfululizo ndiko kunakoziua kadi za kawaida. Ukinunua diski ya SSD badala yake, itadumu zaidi, ila kumbuka inakula umeme, na utarudi kwenye habari ya chaja.

Kuna namba moja ya kijani ambayo kweli inaweza kukupeleka dukani kununua bodi: mara 8. Ni kushindwa kwa chipu ya kumbukumbu ya ndani. Hata hapo, andika kwanza kadi kwa mfumo wa karibuni, kwa sababu programu ya kale kwenye bodi mpya inaweza kutoa namba hiyohiyo. Ikirudia 8 na kadi mpya, bodi imefika mwisho. Ndefu nne na fupi sita, au ndefu nne na fupi saba, ni hitilafu ya umeme ndani ya bodi. Jaribu chaja nyingine nzuri mara moja, na isipobadilika usipoteze hela kwa fundi.

Pale nyekundu inapowaka na kijani haijibu kabisa, beba kipima umeme. Kile cha bei rahisi kinatosha. Weka ncha nyeusi kwenye pini ya 6 na nyekundu kwenye pini ya 1. Unatakiwa kuona volti 3.3. Pini ya 2 iwe na volti 5. Kuwa mwangalifu, pini za 1 na 2 zimekaa ubavu kwa ubavu, na ncha ikizigusa zote kwa pamoja unaweza kuua bodi iliyokuwa nzima. Ukikuta 5 ipo na 3.3 haipo, chipu inayogawa umeme imeungua. Kuibadilisha kunahitaji vifaa ambavyo mafundi wengi wa simu hawana, na spea yake ni ya kuagiza. Mimi nisingetengeneza.

Lakini kwa Pi 4 na 5, kijani ikigoma, kuna dawa nyingine ya bure. Bodi hizi zina programu ya kuanzia kwenye chipu yake yenyewe, na programu hiyo ikiharibika inaandikwa upya kwa kadi yoyote ndogo. Ileile programu ya kuandikia kadi ina chaguo la kurejesha. Chomeka kadi, washa, na kijani ikianza kupepesa haraka kwa mfululizo bila kukoma, imepona. Nimeona bodi mbili zilizokuwa zimewekwa kwenye boksi la spea zikiamka hivyo.

Msomaji mwenye Pi 5 asichanganyikiwe. Humo taa ni moja yenye rangi mbili. Ikiwa kijani, inafanya kazi. Ikibaki nyekundu, imezimwa, inasubiri ubonyeze kitufe. Mtu aliyezoea Pi 4 huiona nyekundu akasema umeme upo lakini bodi haiwaki, kumbe hajabonyeza. Na wenye Pi Zero wana taa ya kijani peke yake. Kwao kukosekana kwa nyekundu si ugonjwa.

Tuseme umepima vyote na ni kweli unahitaji bodi. Bei inayotangazwa haitakuwa bei utakayolipa.

Pi 5 ya GB 4 ilizinduliwa mwaka 2023 kwa dola 60. Ongeza chaja dola 12, kipoozeo dola 5, na waya wa kioo dola 5, kwa sababu tundu lake ni dogo kuliko la luninga na waya ulionao hautaingia. Umefika dola 82 na bado hujanunua kadi wala kasha. Ukiagiza kuja Tanzania Bara, kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, Kenya ni 16, na hutozwa juu ya thamani pamoja na usafiri. Hata bila kuhesabu usafiri, 82 zinakuwa karibu 97. Kuna ada ya wakala wa forodha pia, ambayo ni ileile karibu kwa bodi moja au kumi, kwa hiyo kama mko shule au kikundi, agizeni pamoja. Mwishoni mwa 2025 mtengenezaji alipandisha bei za bodi nyingi kwa sababu chipu za kumbukumbu zimepanda, kwa hiyo zichukue namba hizi kama sakafu.

Zero 2 W ilizinduliwa kwa dola 15 na inavutia. Inataka kigeuzi cha waya wa kioo, kigeuzi cha USB, na haina tundu la kebo ya mtandao. Ina kumbukumbu ya MB 512 tu. Kwa kihisi cha joto au pampu ya maji ni ununuzi mzuri. Kwa mtoto kujifunzia kwenye kioo, hapana.

Bodi za chapa nyingine zenye umbo kama hili zinaweza kuwa nafuu, na nyingine zina nguvu zaidi. Kabla ya kununua, tafuta kama maana ya taa zake imeandikwa mahali. Nyingi hupepesa kijani au buluu mara mbili mbili kama mapigo ya moyo, ikimaanisha mfumo uko hai, jambo ambalo kwenye Raspberry Pi ungelichukulia kama namba ya kosa. Bodi isiyo na maelezo itakugharimu kwa fundi kile ulichookoa dukani.

Kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika nayo ifikirie. Inakuja na kasha, chaja na diski. Inakula umeme zaidi: kifaa cha wati 5 kikiwaka mwezi mzima kinakula uniti 3.6, cha wati 15 kinakula 10.8. Kwa anayekiwasha saa chache kwa siku tofauti hiyo ni ndogo, na mimi ningeichukua hiyo kompyuta. Kwa kinachowaka saa zote kwa Luku, bodi inashinda.

Ukienda Kariakoo au kwingineko kununua bodi iliyotumika, beba kadi yako mwenyewe uliyokwisha kuiandika nyumbani, na waya mmoja wa kawaida. Bodi za kabla ya Pi 4 zisipokuwa na kadi zitawasha nyekundu tu, na muuzaji atakwambia "si unaona inawaka". Nyekundu peke yake haithibitishi kitu. Chomeka kadi, subiri kijani ipepese ovyo, chomeka kitu kwenye kila tundu la USB, na nyekundu isizime.

Kwa mwenye hela ya kitu kimoja tu wiki hii, nunua chaja nzuri, kwa sababu utaitumia hata ukija kugundua kwamba kadi ndiyo mbovu. Kadi iwe ya pili. Bodi iwe ya mwisho, baada ya mara 8 au baada ya kukosa volti 3.3. Na ukimpelekea fundi, muulize kijani imepepesa mara ngapi. Kama hakuhesabu, usilipe ada ya kukagua.